Mwendo wa Thelathini na Tatu

Namuwongo, Kampala
4 Machi 2024

Binti yangu Kahambu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Arsène, dereva wa lori, alinikabidhi kifurushi pale Nakivubo, kwenye duka la vitenge la shemeji yake, na kadibodi ulizofungia zilifika zikiwa nzima. Kwa hilo nakushukuru. Lakini nakurudishia santuri moja, ile yenye picha ya mwanamke mwenye glovu nyekundu, na nitakueleza sababu ili usidhani mzee anasumbua tu.

Jalada ndilo lenyewe. Jalada kama hilo lilikaa kwenye rafu ya kantini yetu ya polisi miaka ya themanini, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga muziki pale kila Jumamosi, konstebo mwenye sare na vidole vyenye vumbi. Ila ndani ya jalada lile kulikuwa na santuri nyingine. Aliyeimba alikuwa mwanamume. Sauti nzito, ya mtu mzima asiye na haraka, na kinanda cha umeme kinavuma chini yake kama jenereta ya jirani. Wewe umeniletea mwanamke anayeimba mbio mbio utadhani anafukuzwa. Jina la wimbo silijui, kwa sababu karatasi ya katikati ilifunikwa na stika ya MALI YA KANTINI, na ukithubutu kuibandua ulikuwa unalala selo. Nadhani mtu alichanganya majalada kabla santuri hiyo haijatufikia.

Unajua sitafuti albamu. Natafuta zile ndefu za kuchezea: wimbo wa redioni umevutwa hadi ujaze upande mzima wa santuri kubwa, kinanda kinaanza peke yake, ngoma zinaingia moja moja, na mwimbaji anapofika watu wameshatoka jasho. Tangu nistaafu nimekusanya nyingi hadi Filda, mke wangu, hana pa kuweka sahani za chakula. Lakini zote nilizifuata kwa sababu ya hiyo moja. Naihitaji mwaka huu. Mwakani haitanisaidia, na usiniulize kwa nini.

Halafu hizo mbili nyingine ulizoniuzia zimechakaa. Matoazi hayasikiki kabisa. Kagua sindano ya mashine yako.

Namba ya simu uliyoniomba sitakupa. Simu sizipendi. Andika barua, mpe Arsène.

Mzee wako,
Oryem


Butembo
23 Machi 2024

Papa Oryem,

Jambo sana. Barua yako nimeisoma dukani mbele ya wateja, nikacheka peke yangu. Kwa hiyo dada wa watu anafukuzwa! Mimi nilimwona anaimba vizuri tu.

Santuri zako zote huwa nazipiga kabla ya kuzifunga. Matoazi yapo, Papa. Yanalia mpaka paka wangu anatoka nje. Hizo mbili nimezitoa kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa kahawa ambaye zamani alikuwa akienda Ulaya na kurudi na masanduku. Amekufa, watoto wake walitaka kabati tu, nikabeba vilivyokuwa ndani. Zilikuwa hazijaguswa. Labda mashine yako wewe ndiyo imezeeka pamoja nawe. Usinikasirikie.

Nimepata nakala nyingine yenye glovu nyekundu, kwa mjane mmoja upande wa soko. Hii sikuipiga kwa sababu Arsène alikuwa nje anapiga honi. Pengine ndani yumo mwanamume wako. Nimekuwekea na nyingine mbili ndefu, za vinanda vitupu, ambazo najua utazipenda.

Huku tumechoka. Barabara ya Kasindi, ile ya mpaka wa Uganda, imeharibika, na kuna siku malori yanazuiwa kwa sababu ya usalama. Watu wanauza redio, viti, picha za ukutani, wapate kuondoka. Mimi nanunua vitu vya watu wanaohama, na jioni nikifunga duka sijisikii kama mtu aliyefanya biashara. Barua zako ndizo zinanichekesha. Basi endelea kunigombeza.

Kahambu


Namuwongo
8 Aprili 2024

Kwa Bi. Kahambu,

Nimepokea santuri zako. Ile ya glovu ni mwanamke yule yule. Hizo nyingine zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Kinanda cha juu hakipo, matoazi hayapo, na maneno siyashiki.

Nimefanya kazi ya polisi ujana wangu wote na namjua mtu anayenichezea. Nadhani nzuri unawapa wanunuzi wa Nairobi, na zilizokwisha unamletea mzee wa Namuwongo kwa kuwa anakusifu. Narudisha zote tatu, pamoja na zile mbili za mwezi uliopita. Kama hutaki biashara na mimi, ungesema tu.

Oryem


Namuwongo
9 Aprili 2024

Mwanangu Kahambu,

Hunijui. Mimi ni Filda, mke wa Oryem. Arsène ameniahidi kwamba barua hii utaipata mkononi mwako na mzee hataambiwa.

Santuri zako hazina kasoro. Nimezisikia nikiwa jikoni, na hayo matoazi yananiumiza kichwa. Masikio ya Oryem ndiyo yanakufa. Alifundisha makuruti kulenga shabaha miaka mingi bila kuziba masikio, na jioni alikwenda kusimama mbele ya spika. Daktari wa hospitali ya Mulago alimweleza kwamba sauti nyembamba zinatoka kwanza, nzito zitafuata, na kwake zinatoka upesi. Kile kifaa cha kuvaa sikioni alikijaribu, akasema dunia nzima imekuwa sufuria, akakifungia sandukuni. Ndiyo maana hapendi simu.

Hataki ujue. Nilipomwambia akueleze ukweli alinijibu, "Huyu mama akijua masikio imeisha, atakuwa ananitumia kila takataka, anasema ni dhahabu." Hakuna kinachomwogopesha kama hicho, kuuziwa kama kiziwi. Kwa hiyo anakutukana wewe ili asijisikitikie yeye. Nakuomba radhi kwa niaba yake, kwa sababu mwenyewe hataomba.

Wimbo anaoutafuta hakuubuni. Na mimi naujua. Baba yangu alikuwa sajenti, na mimi nilikuwa nikigawa soda kwenye kantini ile. Nyimbo nyingine watu walirukaruka hadi mbao za sakafu zikalia. Huo ulikwenda taratibu sana, ulikuwa mrefu, na mtu aliweza kuongea huku anacheza. Oryem alikuwa akiuweka, anaiacha mashine, anakuja kunishika mkono, na yote aliyowahi kunitongozea aliyasema ndani ya wimbo huo. Akasema na mahari humo humo.

Sasa anataka kuusikia mara moja kabla ya kimya. Hajaniomba kitu kingine. Mimi nimechoka na kabati lake, nimechoka na vumbi lake, lakini hilo nataka alipate. Endelea kumtafutia. Na tafadhali, usimwambie kwamba unajua.

Mama yako,
Filda


Butembo
5 Mei 2024

Mama Filda,

Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuachana na Papa. Ilikuwa na maneno mabaya, na nilipanga kumpa Arsène asubuhi. Akaja yeye na yako. Ile yangu nimewashia jiko.

Sikufichi, nilikuwa nimeumia. Hapa mjini nimeitwa majina mengi, kwa sababu mtu anayenunua mali za wanaokimbia hapendwi, lakini mwizi sijawahi kuitwa. Nikasema, hata Papa Oryem? Sasa hasira imekwisha na kilichobaki ni huzuni, na sijui kipi kinachosha zaidi.

Nitatafuta. Lakini nikuambie ukweli: nimeuliza kila nyumba yenye santuri kutoka hapa mpaka Beni, nimeuliza waliokuwa wakipiga muziki kwenye mabaa enzi za Zaire, na hakuna anayemkumbuka mwanamume aliyeimba hivyo. Wote wananionyesha yule dada wa glovu.

Simwambii. Nitajifanya mbishi kama kawaida yangu.

Kahambu


Butembo
18 Juni 2024

Mama Filda,

Kaa kwanza.

Juzi nilikuwa napiga albamu ya rumba hapa dukani. Ikaisha, nikachukua moja ya zile alizonirudishia Papa, ile ya glovu, nikaiweka ili nione kama kweli imechakaa. Mteja akaniita, nikaenda bila kugusa kitu kingine. Nikiwa mlangoni nikasikia mwanamume anaimba nyuma yangu. Sauti nzito, taratibu, kinanda kinavuma. Mama, nilimwacha mteja nikarudi kwenye mashine.

Nikueleze kwa wepesi. Santuri kubwa, yaani albamu, huzunguka polepole, mwendo wa thelathini na tatu. Zile ndogo huzunguka haraka, arobaini na tano. Hizi ndefu za kuchezea ndizo zinazowachanganya watu, kwa sababu ni kubwa kwa umbo lakini nyingi zinatakiwa kwenda arobaini na tano. Imeandikwa kwenye karatasi ya katikati. Papa anajua hilo sasa, na mashine yake anaiweka sawa. Lakini kule kantini karatasi ilifunikwa na stika. Mimi nilisahau kubadilisha mwendo baada ya rumba, na yule dada akawa mwanamume.

Hakuna santuri nyingine. Hakuna majalada yaliyochanganywa. Mwanamume wenu hajawahi kuwepo.

Niambie tu, mashine ya kantini ilikuwaje? Na nimwambieje Papa?

Kahambu


Namuwongo
1 Julai 2024

Mwanangu,

Nimecheka mpaka nikaketi kwenye ngazi ya mlango, na Oryem akaniuliza nini, nikamwambia ni mbuzi wa jirani.

Mashine ile ilikuwa na swichi iliyong'oka. Odyek, fundi wa magari, aliijaza gundi ili wasiichezee, na ikabaki mwendo mmoja hadi walipoitupa. Albamu zilikuwa nyingi, hakuna aliyeona tofauti. Kwa hiyo kituo kizima, kuanzia kuruti mpaka OC, mkuu wa kituo mwenye tumbo lake, tulikuwa tunacheza taratibu na macho tumefunga wimbo wa mtu anayekimbia! Kama mashine ingekuwa nzima, Oryem asingepata nafasi ya kuongea, na mimi ningeolewa na karani mmoja wa uhamiaji.

Nilipomaliza kucheka nikalia kidogo. Usimwambie, mwanangu. Wale wazee wenzake waliobaki wakimwona bado wanamsalimia, "Afande wa muziki." Akitembea na Odyek wanabishana juu ya santuri njia nzima, ingawa sasa anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Masikio yanamtoka, sifa hiyo imbakie. Tafuta uongo mzuri.

Tena fanya haraka. Hasikii birika. Hasikii mlango. Mimi mwenyewe hanisikii mpaka nisimame mbele yake aone mdomo. Napiga kelele ndani ya nyumba yangu kutwa nzima, majirani wanadhani tunagombana, na jioni koo linaniuma. Nimechoka, Kahambu. Kuna wakati nanyamaza tu kwa sababu nguvu za kusema jambo mara tatu sina, halafu namwona ananiangalia, anangoja niseme.

Filda


Butembo
14 Julai 2024

Papa Oryem,

Jambo. Nilikuwa nimekununia, sasa nimeacha. Ulisema kweli. Sindano yangu ilikuwa imekwisha na ilikuwa inazila santuri, ndiyo maana matoazi hukuyasikia. Nimenunua mpya. Lawama ni zangu.

Sasa sikiliza. Nimempata mwanamume wako.

Alikuwa kwenye sanduku la padri mmoja aliyehama, ndani ya jalada jeupe lisilo na picha. Ni nakala zenye kosa la kiwandani, zilitoka chache. Waliweka karatasi ya santuri nyingine katikati, kwa hiyo utaona jina la mwanamke na utaona imeandikwa arobaini na tano. Usiisikilize karatasi hiyo. Weka mashine yako thelathini na tatu, halafu kaa. Nimeipiga mimi mwenyewe hapa dukani na sindano mpya, na wateja wawili wamesimama mpaka mwisho bila kununua kitu.

Uliposema kuna mtu alichanganya, hukukosea sana. Wewe ulidhani ni majalada, kumbe ni karatasi. Wakusanyaji wa nje wanazitafuta sana zenye makosa kama haya, kwa hiyo usimwonyeshe kila mtu.

Ni zawadi. Ukinirudishia hii, ndipo tutagombana kweli.

Kahambu


Namuwongo
20 Oktoba 2024

Binti yangu mpendwa Kahambu,

Nilijua kuna siku nitakuandikia barua hii. Kifurushi chako kilikaa mpakani muda mrefu. Arsène anasema walilifungia lori lake, kisha mvua ikabomoa njia, kisha akaugua. Nilikata tamaa. Nilimwambia Filda kwamba imekwisha, wameipeleka jikoni wakafunikie chungu. Lakini Ijumaa akafika mlangoni nayo.

Jana tuliipiga. Filda alifagia chumba na kufuta kabati kama tunapokea mgeni, mimi nikavaa shati. Nikaweka thelathini na tatu kama ulivyoagiza. Binti yangu, ni yeye. Ni yeye kabisa. Kinanda kikaanza peke yake, kikaenda, kikaenda, ngoma ikaingia chini, halafu yeye akaja na ile sauti yake isiyo na haraka. Nilimsikia mpaka anapovuta pumzi. Na pale mwisho, anaponyamaza na kinanda kinabaki kikizunguka, nilisikia hata yale matoazi madogo niliyokuwa nimeyasahau. Haina mkwaruzo hata mmoja. Katika santuri zote nilizonazo hakuna safi kama hii.

Nilikusema vibaya mwezi wa nne. Ulikuwa mwaminifu kuliko nilivyostahili. Sasa usinitafutie nyingine. Zilizobaki nitazigawa polepole, nyingine nitampa Odyek, anyamaze. Mimi nilichokuwa nadai nimekipata.

Watu wako wote nawasalimu. Mungu awalinde na hiyo barabara.

Mzee wako,
Oryem


Namuwongo
22 Oktoba 2024

Mwanangu Kahambu,

Barua ya mzee utakuwa umeisoma kwanza, na nimefurahi uisome kwanza. Sasa soma na yangu, kisha uichome, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Siku ile nilifagia chumba, amekuandikia hivyo. Nilisogeza kabati, nikatoa vumbi la miaka, nikalirudisha. Tukakaa. Akaishika ile santuri kwa viganja, akaiweka, akashusha mkono wa sindano. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka, santuri inazunguka. Mimi nikangoja.

Hakikutoka kitu. Nilisikia sindano tu inakwaruza, kale kasauti kadogo kama panya kwenye karatasi. Nikadhani ni mwanzo, labda kinanda kinachelewa. Nikamwangalia nimwambie, Oryem, haipigi. Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinapiga kwenye goti, na vilipiga sawasawa, kwa mwendo ule ule wa kantini. Kuna mahali aliacha kupiga, akavuta pumzi, akaanza tena. Niliujua wimbo uko wapi kwa kuangalia mkono wake. Basi nikakaa na mimi. Tulikaa hivyo mpaka sindano ikafika katikati, akafumbua macho, akaninong'oneza, yeye ambaye siku hizi hupiga kelele tu: "Umesikia, Filda?"

Nikamwambia nimesikia.

Alipokwenda kulala nikatazama nyuma ya kabati. Waya wa spika ulikuwa umechomoka. Mimi ndiye niliyeung'oa nikifagia.

Sijui, mwanangu. Sijui kama alisikia kweli, au aliona nimevaa gauni zuri akanihurumia. Nimemwangalia siku mbili hizi nikitafuta jibu usoni mwake na sijalipata, na kumuuliza siwezi. Umepita milima yote ile, umebeba lawama isiyo yako, lori limefungwa mpakani, na kitu cha mwisho kilichokuwa kinahitajika ni waya, na waya niling'oa mimi. Naona aibu hata kukuandikia.

Jana asubuhi niliuchomeka waya, nikamwita, nikamwambia tuipige tena. Niliweka sauti juu kabisa mpaka madirisha yakatetemeka. Na mwanamume wetu akaimba. Nilimsikia mimi, Kahambu, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana wa soda, nikalia mbele yake bila kujificha. Oryem aliketi kwenye kiti chake, kiganja nyuma ya sikio, akasogea mbele, akasogea tena, akakaza uso mpaka mwisho. Kisha akainua sindano mwenyewe, akaifuta santuri, akairudisha kwenye jalada lake jeupe.

"Ya juzi ilisikika muzuri kuliko hii," akasema.

Mama yako,
Filda